Mikono inayotujengea shule yafaa ilindwe

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa bado imetanda juu ya uwanja wa shule ninakofunza, nilimwona kijana mmoja akishindwa kufunga vifungo vya shati lake. Alikuwa ameketi juu ya rundo la kokoto kando ya jengo jipya la maabara, na vidole vyake vilikuwa vikipapasa kifungo kana kwamba vilikuwa vidole vya mtu mwingine. Kijana huyo nilimfunza mimi mwenyewe. Alimaliza kidato cha nne miaka michache tu iliyopita, na hati yake ilikuwa safi kiasi kwamba nilizoea kuwaonyesha wenzake madaftari yake.

Nilimwuliza kulikoni. "Si kitu, Mwalimu," akanijibu huku akicheka kidogo. "Ni ganzi tu. Jua likipanda huwa inatoka." Nilipoendelea kumdadisi ndipo aliponieleza kwamba usiku ganzi hiyo humwamsha, na kwamba siku za malipo huona afadhali kutia alama ya kidole gumba kuliko kuandika jina lake, kwa kuwa kalamu humponyoka. Kwa muda wa miezi minane, kutoka mjengo mmoja hadi mwingine, kazi yake ilikuwa moja: kuishika mashine ya kuvunjia zege.

Na pale shuleni petu alikuwa akivunja nini? Alikuwa akitoboa boriti na kuta za jengo ambalo halikuwa hata limekwisha. Zege lilikuwa limemiminwa bila ya kuachwa nafasi za kupitishia mabomba ya maji na ya gesi, nayo maabara, kama ajuavyo kila mwalimu wa sayansi, haiwi maabara bila ya maji na gesi. Kosa hilo la mchoro ndilo lililokuwa likisahihishwa kwa vidole vya kijana yule, tundu baada ya tundu, kwa majuma matatu.

Yafaa nikiri jambo moja kabla sijaendelea. Mchoro ule ulipoletwa mbele ya kamati ya ujenzi, mimi nilikuwa miongoni mwa waliouangalia. Tuliuliza kuhusu gharama, tukauliza kuhusu rangi ya kuta, tukauliza siku ya kufungua jengo. Hakuna aliyeuliza mabomba yatapita wapi. Kwa hivyo haya ninayoyaandika leo si lawama ninayomtupia mtu mwingine nikiwa nimesimama kando. Ni deni langu pia.

Ganzi ile si uchovu wa kawaida, wala si baridi iliyoingia mifupani kama tunavyopenda kusema. Ni maradhi yanayotokana na mtetemo wa vyombo vya kazi. Mashine ya kuvunjia zege hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Tukikadiria mapigo 1,200, basi mtu aliyeishika kwa nusu saa tu amepokea mapigo 36,000 katika viganja vyake. Mapigo hayo hayaishii kwenye ncha ya chuma. Hurudi nyuma, yakapanda mpini, yakapenya kiganja na kufika kwenye kiwiko na bega.

Mwili hauna namna ya kuyazoea. Mishipa midogo ya damu iliyomo vidoleni hujibana na kuharibika. Neva zinazotuwezesha kutambua moto na baridi, laini na kwaruzo, hupoteza uwezo wake polepole. Misuli ya kiganja hupungua nguvu na viungo huanza kuuma. Hapo mwanzo mtu huhisi mchomo na ganzi baada ya kazi, kisha hali hutulia, naye hudhani amepona. Baadaye ganzi huja usiku. Hatimaye mtu hushindwa kuokota sarafu mezani au kufunga kifungo. Katika baridi, vidole huweza kugeuka vyeupe kama chaki, na damu inaporudi huja na maumivu makali. Ugonjwa ukigunduliwa mapema na mtu akaepushwa na mashine, kuna matumaini ya kupata nafuu. Ukiachwa ukakomaa, madhara ya neva huwa ya kudumu.

Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba. Methali hii tumeizoea tunapowahimiza watoto kuweka akiba. Lakini mwili nao una kibaba chake, na mtetemo hukijaza vivyo hivyo, kidogo kidogo, bila ya jeraha wala tone la damu. Mtu akianguka kutoka ghorofa ya tatu, gazeti litaandika. Mtu akipoteza hisia za vidole kwa muda wa miaka mitano, nani ataandika?

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo mapya. Mnamo 1911, daktari Mwitaliano aliyeitwa Giovanni Loriga alieleza jinsi mikono ya watu waliotumia vyombo vya kuendeshwa kwa upepo wa mashine ilivyokuwa ikidhurika. Mnamo 1918, daktari Alice Hamilton wa Marekani alikwenda katika machimbo ya mawe ya chokaa ya Bedford, jimboni Indiana, akawachunguza wachonga mawe wakati wa baridi na kuuthibitisha uhusiano uliokuwapo baina ya nyundo za upepo na vidole vilivyokufa ganzi na kuwa vyeupe. Kwa hivyo, ulimwengu umelijua jambo hili kwa zaidi ya miaka 100.

Kujua, hata hivyo, si kutenda. Uingereza, nchi iliyokuwa na madaktari na wakaguzi wa kutosha, iliingiza ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayostahili malipo mnamo 1985. Katika miaka ya 1990 wachimba makaa ya mawe waliishtaki kampuni ya serikali iliyokuwa imewaajiri, na mahakama zikaamua kwamba mwajiri huyo alipaswa kuchukua hatua tangu katikati ya miaka ya 1970. Fidia iliyolipwa baadaye ilizidi pauni bilioni 1. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta ule uliwagharimu walipa kodi, ilhali vidole vya wazee wale havikurudi.

Kwa nini basi huku kwetu hatulisikii sana jambo hili? Naona sababu tatu. Ya kwanza ni hali ya hewa. Weupe wa vidole, ambao ndio dalili iliyotajwa sana katika vitabu vya Ulaya, huchochewa na baridi. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wafanyakazi wa ujenzi katika nchi za joto kama vile Malaysia umeonyesha kwamba huko dalili kuu ni ganzi, mchomo na udhaifu wa kushika, wala si weupe. Anayeusubiri weupe ndipo aamini kuna ugonjwa atawakosa wagonjwa walio mbele ya macho yake.

Sababu ya pili ni kwamba kibarua wetu hana anwani. Leo yuko Ruiru, mwezi ujao yuko Kitengela, mwaka ujao yuko Kisumu. Kila mwanakandarasi humwona kwa majuma machache tu, na hakuna anayejumlisha saa ambazo mikono hiyo imetetemeshwa. Sababu ya tatu, na ndiyo inayoniuma zaidi, ni kwamba kijana mwenyewe huficha. Anajua kwamba akisema vidole vimekufa ganzi, kesho asubuhi nafasi yake langoni itachukuliwa na mwenye vidole vizima.

Wanafunzi wa fizikia na hisabati watanisamehe nikiingia kidogo katika shamba lao. Ukali wa mtetemo hupimwa kwa mita kwa sekunde mraba. Sheria za Umoja wa Ulaya, zilizotokana na mwongozo wa mwaka 2002, zimeweka vipimo viwili kwa siku ya kazi ya saa 8. Kipimo cha 2.5 humlazimu mwajiri kuanza kuchukua hatua za kupunguza mtetemo. Kipimo cha 5 ni mpaka ambao haufai kuvukwa.

Sasa chukueni mashine ambayo mtetemo wake ni 10. Mtu akiitumia kwa nusu saa tu, tayari amefikia kipimo cha kwanza. Akiitumia kwa saa 2, amefika mpakani. Kama mashine ni mbovu zaidi na mtetemo wake ni 20, kipimo cha kwanza hufikiwa kwa dakika 7 na nusu, na mpaka kwa dakika 30. Tazameni kanuni iliyojificha humo: mtetemo ukiongezeka maradufu, muda unaoruhusiwa haupungui kwa nusu bali hubaki robo. Muda huo ni ule ambao mashine inanguruma mikononi, si ule wa kupumzika au kusogeza vifusi. Hata hivyo, mtu ashikaye mashine ya namna hiyo tangu asubuhi hadi jioni, kama alivyofanya mwanafunzi wangu, huwa ameuvuka mpaka kabla ya chai ya saa nne kumalizika tumboni.

Je, tufanye nini? Wengi watasema: wapewe glavu. Glavu ni njema kwa kuzuia michubuko na kwa kuihifadhi mikono isipatwe na baridi, na mkono wenye joto hupitisha damu vizuri zaidi. Lakini glavu haziwezi kutegemewa kuuzuia mtetemo mzito wa mashine ya kuvunjia zege. Anayenunua jozi ya glavu akadhani amemaliza wajibu wake amejidanganya mwenyewe, na amemdanganya kibarua.

Dawa ya kweli huanza kabla ya mashine kuwashwa, nayo ni kuuliza: je, zege hili ni lazima livunjwe? Sehemu kubwa ya uvunjaji katika majengo yetu ni kusahihisha mambo yaliyosahauliwa. Ukuta hujengwa, ukapigwa lipu, kisha fundi wa umeme akaja kuuchimba ili apitishe nyaya zake. Boriti humiminwa, kisha fundi wa mabomba akaja kuitoboa. Kama mafundi hao wangeketi pamoja na msanifu wa jengo siku moja kabla ya zege kumiminwa, vipande vya bomba vingewekwa ndani ya mbao za kumiminia, na matundu yangezaliwa pamoja na boriti yenyewe. Bei ya vipande hivyo ni ndogo mno ikilinganishwa na majuma matatu ya kukodi mashine.

Yako mambo mengine ya ufundi yaliyokwisha kujaribiwa. Mahali ambapo zege jipya litaungana na la zamani, uso wa zamani sharti uwe na mikwaruzo ili vishikane. Desturi ni kuugongagonga kwa mashine. Lakini uso huo waweza kupakwa dawa ya kuchelewesha kukauka, kisha ukaoshwa kwa maji kesho yake, na kokoto zikajitokeza zenyewe pasipo na mtetemo hata kidogo. Vichwa vya nguzo za msingi, ambavyo kwa kawaida hupunguzwa kwa kuvunjwa, vyaweza kutengenezwa hivi: vyuma vya sehemu ya juu vinavishwa mpira ili zege lisishikamane navyo, halafu kichwa kizima kinapasuliwa na kunyanyuliwa kwa kreni. Palipo na kazi kubwa ya kubomoa, mashine inayoendeshwa kutoka mbali au iliyofungwa kwenye tingatinga hufanya kazi ambayo hapo awali ilifanywa na mikono ya watu kumi.

Pia kuna ule mtetemo wa kushindilia zege bichi. Huu hauwezi kupuuzwa, kwa maana zege lenye mapengo ya hewa ni zege dhaifu: mapengo ya asilimia 5 huweza kupunguza nguvu zake kwa kiasi cha asilimia 30. Mafundi wetu hutumbukiza chombo cha kutetemesha ili hewa itoke, na ni lazima wafanye hivyo. Lakini na washike bomba lake refu, wala wasishike kile chuma cha mbele, na wapokezane. Huko Japani, Profesa Hajime Okamura alipendekeza mnamo 1986 aina ya zege linalojisambaza na kujishindilia kwa uzito wake lenyewe, na mfano wake wa kwanza ukakamilishwa mnamo 1988. Lengo lilikuwa ubora wa majengo wakati mafundi stadi walipokuwa wakipungua, lakini faida yake kwa mikono ni dhahiri. Hilo ni ghali kwa shule ya kijijini, nakubali. Nimelitaja ili wanafunzi wajue kwamba mtetemo si amri ya Mungu. Ni tatizo la ufundi, na matatizo ya ufundi hutatuliwa.

Palipo na ulazima wa kuvunja, kuna mambo ambayo hayahitaji mtaji mkubwa. Patasi inolewe, kwa sababu butu humfanya mtu akandamize zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mashine itengenezwe kabla haijachakaa. Anayekodi aulize kiwango cha mtetemo cha kila mashine, na achukue ile iliyo na kiwango cha chini. Kazi igawanywe kwa vipindi vifupi na watu wapokezane, ingawa nakiri kwamba kupokezana bila ya kupunguza mtetemo ni kuugawa ugonjwa kwa watu wengi. Mfanyakazi asiibane mashine kuliko inavyohitajika, avae nguo za joto asubuhi, na apunguze sigara, ambazo huibana mishipa ile ile ya damu. Zaidi ya yote, aulizwe kuhusu mikono yake, na jibu lake lisigeuzwe kuwa barua ya kufutwa kazi.

Sheria haijatuacha mikono mitupu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuwa na mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi kuhakikisha usalama na afya ya wote wanaofanya kazi hapo, na kuwapa habari na mafunzo. Na palipo na watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Vilevile ziko kanuni za mazingira za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo ya kupindukia, ambazo zimeweka kipimo cha sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja. Kipimo hicho ni cha kumlinda jirani na nyumba yake, na ni jambo jema. Lakini ikiwa ukuta wa jirani umewekewa tarakimu, kiganja kilichoshika mashine nacho kinastahili tarakimu iliyo wazi, itakayobandikwa langoni mwa kila mjengo.

Wapo watakaoniambia kwamba vijana wana njaa, na kwamba kibarua akipewa kazi hushukuru na haulizi maswali. Ni kweli kwamba wana njaa. Lakini mwenye njaa ya leo akiharibiwa mikono atakuwa na njaa ya miaka arobaini ijayo, kwa kuwa rasilimali yake yote ni mikono hiyo. Wengine watasema gharama za ujenzi zitapanda. Nami nawauliza: ile mashine iliyokodiwa kwa majuma matatu kutoboa maabara yetu ililipwa na nani, kama si karo ya wazazi?

Walimu wenzangu, sisi si watazamaji katika jambo hili. Shule zetu hujenga kila mwaka, na sisi huketi katika kamati zinazopitisha michoro na mikataba. Basi na tuulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi: ni matundu gani yatakayohitajika, na yamechorwa? Ni zege gani litakalovunjwa, na hakuna njia nyingine? Nani ataishika mashine, kwa muda gani kwa siku? Maswali hayo hayahitaji shahada ya uhandisi. Yangeulizwa kwetu, kijana yule asingelikaa juu ya kokoto akipambana na kifungo.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu mtapita katika mijengo, wengine kama vibarua wa likizo, wengine kama wahandisi, wasanifu na wanakandarasi. Atakayekuwa kibarua ajue kwamba ganzi isiyoisha si uvivu wala si uzee, na aiseme mapema. Atakayekuwa mhandisi akumbuke kwamba kila mstari anaousahau kwenye karatasi kuna mtu atakayeuchora kwa mifupa yake.

Maabara yetu ilikamilika. Kijana yule alihamia mjengo mwingine kabla sijapata kumshawishi aende hospitali, na tangu siku hiyo sijamwona. Kila niingiapo mle ndani wakati wa mazoezi, nikawaona watoto wakiwasha majiko ya gesi, macho yangu huelekea kwenye lile tundu la boritini ambamo bomba limepitia. Limezibwa vizuri kwa saruji na kupakwa rangi, na mgeni hawezi kulitambua. Mimi nalitambua.